Mtambo Usiosubiri Marahaba

Litapunga, Nsimbo,
Katavi.
11 Februari 2024

Mke mwenzangu Kabula,

Mwangaluka! Umeamkaje huko kisiwani, na unakula? Picha uliyomtumia baba yako mdogo Luhende nimeiona. Umesimama mbele ya jengo la vioo, umetabasamu vizuri, lakini shingo hiyo siijui. Mwambie anayekupikia aongeze mkono.

Huku sote wazima. Luhende mzima, mkewe Christina mzima na tumbo linakua, ng'ombe wazima, isipokuwa lile dume jekundu lilivunja uzio wa mzee Telesfori likala mahindi mistari mitatu. Wao wawili walikaa wakapatana, Luhende akatoa mbuzi, na kesho yake dume likarudi kula mstari wa nne. Mvua ni nzuri. Karanga zimeweka maua. Kanisani tumeletewa kinanda kipya na hakuna hata mmoja anayejua kukipiga, kwa hiyo kinakaa pale kimefunikwa kitenge kama mgonjwa. Kwa mume wetu nilipita Jumamosi kupalilia kaburi, nikampa taarifa kwamba mke wake mdogo sasa yuko visiwa vya Karibi. Hakuleta ubishi.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kaa chini nikwambie.

Ile sauti uliyorekodi kwenye simu ya kampuni yenu ya maji kabla hujasafiri imeniletea aibu. Mlipotuwekea mabomba haya ya kadi mlituambia: likiharibika bomba msihangaike kuja mjini, pigeni namba hii, ni bure. Tukashangilia. Mabomba yalikuwa mapya, hakuna aliyekuwa na sababu ya kupiga. Mwezi wa kwanza ndipo watu wakaanza, na wakikupata wanasikia: "Shikamoo! Karibu huduma kwa wateja." Sauti hiyo Litapunga nzima inaijua, umesoma masomo kanisani toka una meno ya utoto.

Sasa mtu kama mzee Telesfori, miaka sabini na sita, akiamkiwa hivyo anafanyaje? Anaitikia. "Marahaba mwanangu, hujambo? Ulifika salama?" Wewe huku unaongea juu ya maneno yake: bomba bovu bonyeza moja, kununua maji bonyeza mbili. Yeye kwa adabu ananyamaza umalize. Ukimaliza, anaanza tena marahaba yake. Na wewe unamwambia, "Hukuchagua chochote. Asante na kwaheri." Paa! Umemkatia.

Alipiga mara tatu. Kisha akaja kwangu simu ikiwa mkononi, akasema, "Mwalimu, mjukuu wako ananiamkia halafu hataki niitikie. Nimemkosea nini?" Nikamwambia mzee, ule ni mtambo tu. Akaniuliza, "Mtambo umejuaje kusema shikamoo?" Mimi niliyeshika chaki miaka thelathini na minne nikaenda kumletea kiti!

Na tatizo si Telesfori peke yake. Bomba la shuleni limekufa wiki ya tatu sasa. Unaweka kadi, taa haiwaki. Wanawake wamerudi mtoni na ndoo. Luhende alikwenda na pikipiki mpaka ofisini kwenu Mpanda, binti wa pale akatazama kompyuta yake akasema Litapunga hakuna tatizo, mfumo haujaonesha, rudini mkapige simu.

Utasema, Bibi, si ubonyeze wewe hiyo moja? Kidole ninacho, kizima. Lakini mtoto niliyemlea mwenyewe ananiamkia, halafu mimi nimruke nibonyeze kama naswaga mbuzi? Siwezi. Na nikibonyeza mimi, kijiji chote kitasema bibi yake ameridhia.

Kwa hiyo nimekata shauri. Simu yako sipokei mpaka mtambo wako ujifunze kusubiri marahaba. Luhende nimemkataza asikupe habari zangu. Tutaandikiana barua, maana kwenye barua hakuna wa kumkatia mwenzake.

Mimi maji napata, usiwe na wasiwasi.

Bibi yako,
Monika


24 Machi 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote, mimi sijambo. Barua yako imechukua wiki tano kunifikia, bahasha ina mihuri ya nchi nne.

Bibi jamani! Nimepiga mara ngapi hupokei! Nikampigia baba mdogo, akacheka akasema amefungwa mdomo. Sawa, tuandikiane, lakini acha nikueleze hili jambo lilivyo.

Mtambo ule haukukosa adabu. Shikamoo niliiweka mimi mwenyewe, kwa heshima. Wenzangu ofisini walitaka "Habari mteja", nikasema hapana, wazee wanapiga. Ila kila sekunde ya simu ya bure inalipiwa na kampuni. Nilipewa sekunde tisini, salamu na kila kitu humo humo. Ningeanza kusubiri kila mtu aseme marahaba na hujambo na ng'ombe hawajambo, tungefika kesho. Waambie watu wasiitikie. Wabonyeze moja tu, basi.

Na mbona ripoti inasema tofauti? Meneja wetu, Bwana Onesphore, ameniandikia wiki hii kwamba Litapunga malalamiko ni sifuri toka Novemba. Sifuri, Bibi! Kata nyingine, ambako simu zinapokelewa na watu, zina arobaini, hamsini. Amesema wateja wa Litapunga ndio walioridhika kuliko wote. Wamenitengenezea cheti, kimebandikwa ukutani pale ofisini. Mwezi wa saba mtambo wangu unawekwa mkoa mzima mpaka Mishamo, na nikirudi mwisho wa mwaka nitakuwa mkuu wa huduma kwa wateja. Nilitaka nikwambie kwenye simu nisikie ukipiga kigelegele.

Hilo bomba nitalifuatilia. Labda ni kadi zenu zimechafuka.

Huku kazi nzuri, ila wenyeji wana mambo yao. Kampuni ninayojifunza inauza umeme na maji, kisiwa kizima. Siku ya kwanza waliniweka dirishani. Akaja bibi mmoja wa rika lako, kofia ya kanisani kichwani. Nikamuuliza namba ya mita, kwa upole kabisa. Akanitazama. Nikauliza tena. Akasema kwa sauti, "Habari za asubuhi!" Foleni yote ikageuka kunitazama mimi. Nilipoitikia ndipo akatoa karatasi yake. Hapa hata mtu akipanda basi lazima awasalimie waliomo, asiposalimia wanamwona hakulelewa. Wanapoteza muda kweli! Na teknolojia wanayo. Wana mita zinazojisemea zenyewe, umeme ukikatika kwa mtu, ofisi inajua kabla hajapata mshumaa. Na bado yule yule mtu anakuja dirishani kutuambia umekatika, anaanza na habari ya mvua.

Msimamizi wangu anaitwa Bwana Aristide. Nilipomlalamikia alicheka tu.

Wewe mwenyewe unachota wapi maji? Hukusema.

Mjukuu wako,
Kabula


Litapunga,
5 Mei 2024

Mke mwenzangu,

Mwangaluka tena. Humu ndani utakuta barua yako mwenyewe, nakurudishia. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mwandiko mzuri, alama nane. Salamu, alama mbili kwa kumi. "Hamjambo wote" ndiyo nini? Wote kina nani? Hukumuuliza Christina na tumbo lake, hukuuliza kinanda, hata dume la Luhende limekaa linangoja kutajwa.

Christina amejifungua salama, mtoto wa kike, ana nywele nyingi na hasira. Wamempa jina Queen. Mimi sikuulizwa. Mvua imekata, mahindi tumevuna, mwaka huu magunia hayatoshi kwa mavuno. Kinanda sasa anakipiga binti wa katekista, anajua wimbo mmoja, tunauimba mwanzo wa misa na mwisho. Dume limeuzwa Majengo, mzee Telesfori alilisindikiza mpaka barabarani kuhakikisha limepanda gari.

Cheti chako nimekipigia kigelegele, Christina ni shahidi, mtoto aliamka. Sasa nimemaliza kigelegele tuongee.

Rudi kwenye barua yako usome habari ya yule bibi mwenye kofia. Nimepiga mstari chini. Umeniletea kesi yangu mwenyewe, imeandikwa kwa mkono wako, na hujaiona! Yeye angalau alikuwa na bahati: wewe ulikuwa mtu, ukaona aibu, ukaitikia. Telesfori anaitikia bati.

Halafu hiyo sifuri. Kabula, mimi nimefundisha hesabu. Mtoto asiyekusanya daftari sikuwahi kumwandikia kwamba hana makosa. Na darasa likiwa kimya sana nilikuwa sikai ofisini nikinywa chai na kusifu nidhamu. Nilikuwa naenda kuchungulia wamekwenda wapi. Litapunga hatujaridhika, mama. Tumekatiwa simu.

Umeniambia mwezi wa saba mtambo unakwenda mkoa mzima. Mishamo kuna wazee Warundi wanaosalimiana mpaka chai inapoa. Nsimbo yote hii kuna sisi Wasukuma. Unajua mwenyewe mtu akikutana na mwenzake njiani lazima waulizane na ukoo. Watakuitikia wote, na wote utawaambia hawakuchagua chochote. Mabomba yatakufa moja moja, na ukutani kwenu vitabandikwa vyeti.

Mwandiko umebadilika kuanzia hapa kwa sababu naandika nimelala kitandani. Ni uvivu wa kizee tu.

Swali langu ni moja, lijibu vizuri. Hao watu wote wanaopiga, wakaitikia, wakakatiwa, mtambo wenu unawaweka wapi?

Bibi yako,
Monika

Bomba la shuleni bado. Kadi tumezifuta kwa kitambaa, tukazifuta na kwa sabuni.


23 Juni 2024

Bibi yangu mpenzi, mke mkubwa,

Shikamoo. Umeamkaje? Miguu imeamkaje, yote miwili? Christina anaendeleaje, maziwa yanatoka? Queen amepunguza hasira? Mwambieni shangazi yake... ah, mimi kwake ni dada, nimejizeesha bure. Mwambieni dada yake anamletea kofia ya kufuma. Luhende hajambo, na fedha za dume asinunulie dume jingine. Mzee Telesfori hajambo na uzio wake? Binti wa katekista amefika wimbo wa pili? Karanga zilitoka vizuri? Na mume wetu, nikumbushie kwake Jumamosi ukienda, mwambie mke mdogo ameharibu kazi na anatengeneza.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Swali lako lilinikosesha raha siku mbili. Nikamwomba Aneth, yule binti wa ofisini Mpanda aliyemrudisha Luhende, anitumie orodha yote ya simu za Litapunga. Mfumo unahesabu wanaobonyeza tu. Wasiobonyeza hauwahesabu, ila hauwatupi. Umewaweka pembeni.

Bibi, ni mara mia tatu na kumi na mbili. Mmepiga mara mia tatu na kumi na mbili, na mimi nikapewa cheti kwa sababu hamjapiga.

Kuna na sauti zenu. Mtambo unarekodi kila anayepiga kwa ajili ya ukaguzi, hakuna aliyewahi kukagua. Jumamosi nikachukua viazi vyangu na vidude vya masikioni nikakaa kuwasikiliza. Mzee Telesfori ananiuliza kama huku kuna mahindi. Mama mmoja simjui ananiombea nipate mume. Mtu ameitikia marahaba, akangoja, akasema, "Bomba la shuleni, mwanangu, halitoi," na mimi huku namwambia kununua maji bonyeza mbili. Wote wamesema bomba limekufa. Wote! Wamesema kwa sauti nzuri, wametaja mpaka rangi ya taa. Ila walisema baada ya salamu, na baada ya salamu mimi nilikuwa sisikilizi.

Halafu nikakuta namba moja imepiga mara kumi na moja. Namba yako.

Ulisema kwangu hupokei simu. Hukusema kama unapiga.

Tarehe kumi na tisa Aprili. "Marahaba mke mwenzangu. Leo nimeteleza mtoni na ndoo, mguu umevimba kama mhogo. Usimwambie Kabula." Na mimi nikakujibu: hukuchagua chochote, asante na kwaheri.

Nimelia mpaka Bwana Aristide akaja kuuliza nani amefariki. Nikamweleza, na mtambo, na mtoni, na yule bibi mwenye kofia. Safari hii hakucheka. Aliniambia wao nao walishawahi kuweka mtambo wa kupokea simu hapa, ukasema maneno bila kusalimia, watu wakaacha kupiga, ofisi ikafurahi. Kikaja kimbunga, nguzo zikalala, na hakuna aliyeripoti kwa simu hata mmoja. Walikwenda kuokota habari nyumba kwa nyumba. Ndipo walipojifunza. Mita kujisemea ni jambo zuri, akasema, ila mtu pia anataka kujisemea.

Nimemwandikia Bwana Onesphore. Nimemwambia sifuri ya Litapunga ni ya uongo, nimemtumia zile mia tatu na kumi na mbili, na mtambo usiwekwe popote mpaka urekebishwe. Nimemwomba na cheti akibandue.

Alikaa siku tisa hajanijibu. Siku ya kumi akaandika mstari mmoja: "Fundi amekwenda Litapunga leo." Kwa hiyo barua hii ikifika, bomba la shuleni litakuwa limeshatoa maji mwezi mzima. Umeme wake ulikuwa umekatika waya mmoja. Kazi ya nusu saa, Bibi.

Nimerekodi upya. Bwana Aristide alinipa stoo yao ya mita mbovu, ndiko kimya. Nikasema shikamoo, nikanyamaza. Nilihesabu moyoni mpaka marahaba yako iishe. Nikasema, "Habari za nyumbani?" nikanyamaza tena, hiyo ndefu. Nikasema, "Nashukuru. Haya, nieleze shida." Ndipo inataja namba za kubonyeza, taratibu. Na asiyebonyeza hakatiwi, anapokelewa na Aneth mwenyewe. Tumeiga na la huku: ukitoa taarifa, unapata ujumbe kwamba fundi ameondoka saa ngapi na jina lake nani. Nimeituma kwa mtandao, imeshawekwa.

Mengine ya kazini salama tu.

Mjukuu wako asiyekuwa na adabu,
Kabula


Litapunga,
11 Agosti 2024

Mke mwenzangu Kabula,

Mwangaluka mama, mhola? Salamu zako nimezipa tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa sababu ya kula viazi huku unasikiliza wakubwa.

Wote uliowauliza wazima. Queen ameota meno mawili mapema na ameshamng'ata Luhende. Luhende, usicheke, amenunua dume jingine, jeusi. Mzee Telesfori amelitazama na kuongeza miiba kwenye uzio. Wimbo wa pili bado, ila ule wa kwanza sasa binti anaupiga kwa mikono yote miwili. Karanga zilitoka nzuri, nimekuwekea debe, na wewe ndiye utakayezimenya. Mume wetu nimempa ujumbe wako. Niliona majani yametikisika, lakini palikuwa na upepo.

Maji yanatoka. Bomba la shuleni linamwaga kwa nguvu mpaka watoto wanalowa kwa makusudi. Christina anakwenda na kurudi kabla sufuria haijachemka.

Siku mtambo mpya ulipowekwa, Luhende alituambia, na mzee Telesfori akaja kwangu na simu yake kama anakuja kushuhudia ndoa. Akaweka spika. "Shikamoo!" ukasema. Akaitikia marahaba, akakaza macho, akangoja umruke. Kimya. Akanitazama. Kimya bado. Ndipo ukasema, "Habari za nyumbani?" Jamani! Mzee akavua kofia. Akakueleza nyumbani wazima, uzio umekazwa, ng'ombe mmoja anakohoa, na muda wako ukaisha katikati ya ng'ombe lakini hakukasirika, akasema mtoto ana kazi nyingi. Kisha ukamwambia akueleze shida. Sasa shida hana, bomba linatoa! Akaona si vizuri kukuacha hivi hivi baada ya wewe kumsikiliza. Akabonyeza moja.

Hazikupita saa mbili, simu yake ikaandika: fundi Jean Bosco ameondoka Mpanda. Tukaingiwa na hofu. Fundi akafika na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, akauliza bomba bovu liko wapi. Telesfori akamwambia bomba zima, mwanangu, tulikuwa tunasalimiana. Nilidhani atatukana. Alicheka akakaa chini, akala karanga sahani mbili, akalikagua bomba la sokoni kwa hiari yake na kukuta valvu imeanza kuvuja. Nimewakanya watu lakini. Nimesema atakayebonyeza bila shida nitamwita ubaoni.

Bwana Onesphore naye alikuja mwenyewe wiki iliyopita, na gari. Mtu mnene, mpole, alisalimia nyumba kwa nyumba mpaka akachoka. Ameniambia Litapunga malalamiko ya mwezi wa saba peke yake ni arobaini na moja, tumewapita wote mkoani. Alikuwa kama hajui ahuzunike au afurahi. Nikamwambia hayo ndiyo madaftari, Bwana meneja, sasa wamekusanya, kaa usahihishe. Mishamo wanawekewa mwezi wa kumi, na sauti ni hiyo hiyo yako mpya. Kabla hajaondoka nikamuuliza habari ya kile cheo. Akatazama viatu vyake, akasema bado wanaliangalia jambo hilo.

Wewe uliniandikia "mengine ya kazini salama tu." Mimi nilikuandikia maji napata. Tumelingana, mke mwenzangu, tusilaumiane. Ila ujue mimi sioni haya ukikosa cheo hicho. Ningeona haya kama ungekipata na mimi nachota mtoni.

Mguu umepona. Ulivimba kweli, nilikaa kitandani wiki tatu, Christina na tumbo la mwezi wa mwisho ndiye aliyenichotea mpaka alipojifungua. Nilikudanganya kwa sababu uko mbali na hukuwa na la kufanya. Nilidhani hukuwa na la kufanya.

Na hizo simu kumi na moja. Nikuambie ukweli sasa, maana umeshausikia. Nilijua ni mtambo. Mwalimu mzima nisijue mtambo? Mara ya kwanza nilipiga kukagua kama umeshajifunza kusubiri. Hizo kumi nyingine sikuwa nakagua. Nilikuwa nimeweka kiapo cha kutopokea simu yako, na mtu mzima hawezi kuvunja kiapo chake, kwa hiyo nikawa nakwenda nyuma ya nyumba, napiga, unaniamkia, naitikia, unanikatia, narudi jikoni. Siku ile ya mguu nilitaka tu uniulize habari za nyumbani.

Sasa umejifunza kuuliza, na kiapo kimeisha. Jumapili baada ya misa nitakaa nje na simu mapajani. Piga. Utaanza wewe, mimi nitaitikia, na hakuna mtu hapo katikati atakayeniambia sikuchagua chochote.

Bibi yako,
Monika